Majina kwa Penseli

Treni ya mwisho ilipoondoka Turvaste
ilibeba hadi kengele ya kituo.
Tukaachiwa jengo, tukaliita makumbusho:
vyumba viwili, jiko la chuma,
majembe ya kukatia mboji yamepangwa ukutani
kama watoto wanaosubiri kupigwa picha,
na mimi, Urve, mwenye funguo.

Mwaka juzi tulipata wageni kumi na tisa.
Sita walikuwa wakikimbia mvua.
Mmoja aliuliza choo.

Kisha panya akanifanyia kazi iliyonishinda:
alitafuna ubao wa nyuma wa kabati,
picha ikadondoka, kubwa kama sinia.
Wanawake ishirini na tatu kinamasini,
magoti meusi, vilemba vyeupe,
kiangazi cha hamsini na saba,
na nyuma yake hapana hata jina moja,
ila hesabu ya tani walizokata.

Tani zilikumbukwa.

Nikailaza mezani, nikaifunika
kwa karatasi nyepesi ya kupenyeza nuru,
nikabandika tangazo kwenye duka la mikate:
NJONI ALHAMISI. HAWA NI NANI?
Nikachonga penseli. Si kalamu.
Kumbukumbu ina haki ya kufutwa
na kurudi tena.

Akaja Maimu wa tanuri, unga mpaka kwenye kope,
akamtambua shangazi yake kwa fundo la kilemba:
"Alifungia kushoto daima.
Kidole gumba cha kulia alikiacha Siberia."
Akaandika. Akaketi.
Hakuondoka mpaka jiko likapoa.

Alhamisi ya pili walikuja saba.
Ya nne, viti havikutosha;
watu wakaja na vyao kutoka nyumbani
na wengine hawakuvirudisha.
Sasa ni mali ya makumbusho. Nimevipa namba.

Valve na Leida, wasiosalimiana
tangu mti wa plamu ulipoangukia uzio,
waliweka vidole juu ya uso mmoja.
"Mama."
"Mama yangu mimi."
Nikaandika yote mawili, moja juu ya jingine,
na tangu siku hiyo kila mmoja
huja kulinda lake lisifutwe.
Sisemi wamepatana.
Nasema chupa ya chai ni moja.

Heino alikaa wiki tano kimya, kofia magotini.
Ya sita akagusa ukingo wa picha:
"Miku."
Farasi.
"Wanawake siwajui. Nilikuwa na miaka minne,
macho yangu yaliishia kwenye kwato."

Akabaki mmoja, mwisho kulia,
aliyegeuka mpiga picha alipobofya;
uso umetoka kama moshi.
Tulimzunguka majira mazima ya baridi,
tukapima kimo chake, tukabishania viatu.
Danylo wa darasa la tatu,
aliyefika kwetu na mama yake
na begi moja kutoka Kherson,
akauliza kwa Kiestonia chake kipya:
"Labda alikuwa wa kwingine?
Labda alisikia anaitwa?"
Hakuna aliyemjibu.
Maimu alimkatia mkate, ule wa mwisho wenye ganda.

Jana amekuja mkaguzi kutoka mkoani, na fomu.
"Watu kwenye picha?"
Ishirini na tatu.
"Majina?"
Ishirini na tatu.
Akatia tiki, akafunga mkoba, ameridhika.
Sikumwambia kwamba mmoja ana mawili
na mmoja hana.
Farasi sikumtaja kabisa.

Usiku, baada ya kuzoa majivu,
nimeichonga tena penseli.
Imebaki fupi,
kiasi cha kidole gumba.